Tupunguze siku za kungoja mzigo, sare za Januari zitapatikana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie uhaba wa sare za shule unaotupata kila mwaka katika wiki mbili za kwanza za Januari, na ambao ifikapo Machi hugeuka kuwa marundo ya nguo zisizo na mnunuzi. Msimu huo ukifika, wazazi hulalamika kwamba wauzaji tumeficha mzigo ili bei ipande, sisi wauzaji tunalalamika kwamba wazazi husubiri siku ya mwisho, na wenye maduka ya jumla Kariakoo wanazilalamikia meli. Nimeshona na kuuza sare hapa Morogoro kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba lawama zote hizo zinakipita chanzo pembeni. Chanzo ni urefu wa muda uliopo kati ya siku tunayotoa oda na siku tunayopokea bidhaa, ambao katika barua hii nitauita muda wa oda. Muda huo, kwa sehemu yake kubwa, mzigo haufanyiwi kazi yoyote. Unakaa tu mahali ukingoja zamu.

Nianze na mwaka 2016, kwa kuwa ndio ulionifumbua macho. Mwishoni mwa 2015 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5 ulioelekeza elimumsingi itolewe bila malipo, na utekelezaji ukaanza Januari iliyofuata. Mimi kitambaa changu nilikuwa nimekwisha kukiagiza tangu mwanzoni mwa Agosti kwa kuchangia kontena na wenzangu, nikakipokea wiki ya mwisho ya Novemba, na kwa hofu ya kuchelewa nikakikata chote kwa mkupuo, kwa kufuata saizi nilizozoea kuuza miaka ya nyuma. Shule zilipofunguliwa walikuja watoto wa darasa la kwanza wengi kuliko nilivyowahi kuona. Saizi ndogo zikaniishia siku ya nne, nikabaki na kaptula na sketi za watoto wa darasa la sita ambazo hazikuulizwa na mtu. Bibi mmoja alikuja na mjukuu wake siku ya tano, nikamwonyesha kaptula ndogo kuliko zote zilizobaki, ambayo ilimfika mtoto chini ya magoti. Aliipokea akasema, "Mwanangu, nipe hiyo hiyo, nitamkunjia kiunoni." Nilipokea fedha yake nikiona haya, na kaptula ile sijaisahau, kwa sababu kitambaa cha kumshonea mtoto yule nguo ya kumtosha nilikuwa nacho wiki 6 zilizotangulia, na nilikuwa nimekimaliza kwa mkasi wangu mwenyewe.

Msimu ulipopita nilikaa na daftari nikazihesabu zile wiki 16 za kungoja, nikitaka kujua zilikwenda wapi. Wiki 3 za mwanzo zilipita tukisubiri kila mwenzetu akamilishe mchango wake wa fedha. Wiki 4 oda yetu ilikuwa kwenye foleni ya kiwanda huko China, ingawa kufuma na kutia rangi kitambaa cha kiasi kile ni kazi ya siku chache. Wiki 2 mzigo ulikaa ghalani ukingoja kontena lijae. Meli ikachukua wiki 4. Wiki 2 zikaishia bandarini, si kwa sababu ya kupakua, bali kwa sababu karatasi zilianza kushughulikiwa baada ya meli kufika, na moja kati yake ilikuwa na kosa. Wiki ya mwisho majora yalilala stoo Dar es Salaam hadi lori la kuja Morogoro lilipopata mzigo wa kulijaza. Nilipojumlisha siku za kazi ya kweli na za safari ya kweli sikufikisha wiki 6. Wiki 10 zilizobaki zilikuwa za kungoja.

Watu wema wameniambia mara nyingi kwamba dawa ni kukisia vizuri zaidi. Siudharau utabiri, lakini naomba tufikiri unafanyika lini. Fundi anayelazimika kutoa oda mwanzoni mwa Agosti anaitoa kabla uandikishaji wa darasa la kwanza haujaanza, kwa kuwa uandikishaji huo kwa kawaida huanza Oktoba, na kabla ya majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, ambayo kwa kawaida hutangazwa Desemba. Hakuna mwenye hesabu kali kiasi gani anayeweza kujua Agosti kile ambacho wenye kutangaza wenyewe watakijua miezi 4 baadaye. Lakini fundi ambaye muda wake wa oda ni wiki 4 anaweza kusubiri hadi mwisho wa Novemba, akaagiza huku idadi kubwa ya walioandikishwa ikiwa imekwisha kujulikana. Huyu wa pili anaweza kuwa hana akili ya biashara kumshinda wa kwanza, ila mambo anayopaswa kuyakisia ni machache zaidi.

Liko pia suala la akiba ya tahadhari, yaani mzigo wa ziada tunaouweka ili wateja wakizidi tusiaibike. Kanuni inayofundishwa katika masomo ya ugavi inasema kwamba, ikiwa mauzo hupanda na kushuka kwa kiwango kilekile wiki hadi wiki, akiba inayohitajika hukua kwa kipeuo cha pili cha muda wa oda. Kwa lugha ya dukani, ukipunguza muda wa oda kutoka wiki 16 hadi 4, akiba ya tahadhari inapungua kwa nusu, na mteja haoni tofauti yoyote katika huduma. Nusu hiyo ni fedha taslimu. Kwa mtu wa mtaji mdogo, ni ada ya watoto wake mwenyewe, ni kodi ya pango, ni mshahara wa fundi mmoja kwa miezi kadhaa, na leo imelala kwenye rafu katika umbo la sketi za marinda.

Muda mrefu wa oda una madhara mengine yasiyoonekana na mtu aliye peke yake dukani. Mwaka 1958 Jay Forrester, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha jinsi mabadiliko madogo ya mauzo ya rejareja yanavyozidi kukua kadiri oda zinavyopanda kwenda kwa muuzaji wa jumla na hatimaye kiwandani, na kwamba ucheleweshaji katika kila ngazi ndio unaoyakuza. Baadaye kampuni ya Procter & Gamble iliona jambo hilo katika nepi za watoto, bidhaa ambayo mahitaji yake hayayumbi sana kwa kuwa watoto hawabadilishi mwenendo wao wa wiki hadi wiki, lakini oda zilizofika kwa wasambazaji wa malighafi zilikuwa zikipanda na kushuka kupita kiasi. Wataalamu wameliita jambo hilo mjeledi, kwa kuwa mkono ukitikisika kidogo ncha huruka mbali. Nasi tunalo. Mwenye duka aliyekosa sare 50 Januari huagiza nyingine 100 kwa hofu. Mimi nikipokea oda za maduka 4 ya namna hiyo naagiza kitambaa kwa ajili ya 600. Muuzaji wa jumla akiona mafundi wengi tumemjia kwa pamoja, anaongeza kontena. Kontena hilo linafika Aprili, wakati kila mtoto amekwisha kuvaa. Mwaka unaofuata, kila mmoja akikumbuka hasara yake, tunaagiza pungufu, na uhaba unarudi.

Sasa naomba niingie ndani ya karakana, kwa sababu huko ndiko nilikokuta jambo lililonishangaza kuliko meli na bandari. Shati moja la shule, tangu kuunganisha mabega hadi kufunga kifungo cha mwisho, halimchukui fundi mzoefu zaidi ya dakika 40. Katika karakana yangu yenye mafundi 5 tulikuwa tukimaliza mashati 50 kwa siku, na bado shati lililokatwa Jumatatu lilikuwa likitoka kupigwa pasi baada ya siku 12. Nilidhani mafundi wanazembea, nikawasema, na ninajutia maneno yale. Kosa lilikuwa la mpangilio, na mpangilio ulikuwa wangu. Nilikuwa nakata mabunda ya mashati 100 kwa sababu kukata mengi kwa pamoja kunaokoa muda wa mkasi, na kila bunda lililazimika kukamilika kwenye cherehani moja kabla ya kwenda nyingine, hivyo sakafuni palikuwa na mashati kama 600 yaliyoanza na yasiyokwisha. Mwaka 1961 John Little, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alithibitisha kanuni nyepesi ambayo kila mwenye karakana anaweza kuipima kesho asubuhi: kwa wastani, muda ambao kitu kinakaa ndani ya mfumo ni sawa na idadi ya vitu vilivyomo ndani ukiigawa kwa idadi inayotoka kila siku. Gawa 600 kwa 50, unapata 12. Jibu la siku 12 lilikuwa limelala sakafuni mwangu miaka yote ile, nami nilikuwa nalipita nikienda kuwahimiza watu waongeze mwendo.

Nilipunguza mabunda kutoka mashati 100 hadi 20, na nikaweka sharti kwamba hakuna bunda jipya litakalokatwa hadi lililotangulia limefika kwenye matundu ya vifungo. Ilikuwa vigumu kwa mkataji, ambaye aliona ameondolewa kazi, na kwa wiki ya kwanza alikaa muda mrefu mikono mitupu hadi nilipomfundisha kupachika kola. Mashati yaliyokuwa sakafuni yakapungua hadi kama 150, na muda wa kukaa ukashuka hadi siku 3. Idadi tunayomaliza kwa siku ilibaki ileile 50, jambo ambalo baadhi ya wenzangu hulitaja kama ushahidi kwamba sikupata faida. Faida nimeipata mahali pengine. Mzazi akija Jumatatu na kukosa saizi, sasa naweza kumwambia arudi Alhamisi, na Alhamisi ataikuta. Zamani ningemwambia arudi baada ya wiki 2, naye angekwenda kwingine. Faida ya pili sikuitarajia: mwaka juzi kola zilikatwa fupi kwa nusu sentimeta, tukaligundua kosa baada ya mashati 20. Chini ya utaratibu wa zamani tungeligundua baada ya mia kadhaa.

Mabunda madogo yalileta tatizo lao, kwa sababu yanamlazimu fundi kubadilisha uzi mara nyingi zaidi, mweupe kwa mashati, wa buluu kwa sketi na kaptula, na kwenye ovaloki, yaani cherehani ya kufunga kingo za kitambaa, yenye koni 4 za uzi, kazi hiyo huudhi. Hapa nilisaidiwa na habari za Shigeo Shingo wa Japani, ambaye katika kiwanda cha Toyota alishughulikia mashine ya kukandamiza bati ya tani 1,000 iliyokuwa ikichukua saa 4 kubadilishwa kutoka umbo moja hadi jingine. Yeye na wenzake waliushusha muda huo hadi saa moja na nusu na hatimaye dakika 3, hasa kwa kutenganisha maandalizi yanayoweza kufanywa mashine ikiwa bado inafanya kazi na yale yanayolazimu isimame. Karakana ya cherehani haina mashine ya tani 1,000, lakini fikra ni ileile. Koni za buluu sasa huwekwa tayari kando ya ovaloki kabla bunda jeupe halijaisha, uzi mpya hufungwa kwenye ncha ya uzi wa zamani na kuvutwa kupitia matundu yote badala ya kutungwa upya, na cherehani moja imetengwa kwa kitambaa kizito ili tusiwe tunabadilisha sindano kila mara. Kubadilisha kulikochukua karibu nusu saa sasa kunachukua dakika 4 au 5. Naeleza haya kwa urefu kwa sababu mtu anaposikia habari za mnyororo wa ugavi hufikiri bandari na reli tu, kana kwamba siku zinapotea katika mikono ya wakubwa peke yao.

Jambo jingine linalofupisha muda wa oda bila kuharakisha kazi yoyote ni kuchelewesha uamuzi. Kampuni ya Benetton ya Italia ilipata sifa kwa kufuma masweta kwanza na kuyatia rangi baadaye, ikisubiri kuona rangi ipi inapendwa. Shati jeupe la shule moja na la shule ya jirani yake mara nyingi hutofautiana kwa nembo ya mfukoni tu. Tulikuwa tunatarizi nembo mapema, mashati 80 ya shule hii na 80 ya shule ile, halafu shule moja inaishiwa huku nyingine ikibaki na mashati 30 ambayo hayawezi kuvaliwa popote. Siku hizi mashati yanakaa bila nembo, na nembo inatariziwa mzazi akiwa ameketi kwenye benchi. Vivyo hivyo jora lisilokatwa lina saizi zote ndani yake, na likishakatwa limebaki na moja. Kampuni ya Zara, iliyofungua duka lake la kwanza mjini A Coruña, Hispania, mwaka 1975, imejenga biashara nzima juu ya wazo linalokaribiana na hili: maduka yake hupokea mzigo mara 2 kwa wiki, na sehemu kubwa ya nguo zake za msimu hushonwa karibu, katika nchi kama Hispania, Ureno, Moroko na Uturuki, ingawa zipo nchi zenye ujira mdogo zaidi.

Najua pingamizi litakalofuata, nalo ni la haki: kununua kidogo kidogo ni ghali. Tuseme kitambaa kinapatikana kwa shilingi 4,000 kwa mita kwa njia ya kontena, na kwa shilingi 4,800 ukinunua majora machache dukani Kariakoo. Kwa mita 1,000 tofauti ni shilingi 800,000, na kwa mtu wa hali yangu hiyo si fedha ya kupuuzwa. Lakini ikiwa robo ya kitambaa cha kontena itaishia katika saizi au rangi zisizouzika, umelaza shilingi milioni 1 ya kitambaa peke yake, kabla hujahesabu ujira, uzi, vifungo, na faida ya mteja aliyeondoka mikono mitupu. Hata hivyo sisemi kontena liachwe. Kitambaa cheupe na cha buluu, ambacho najua kwa hakika nitakitumia mwaka mzima, bado nachangia kontena na wenzangu, na sasa tunatoa oda mapema zaidi ili mapumziko ya China ya kuanzia Oktoba 1 yasitukute kwenye foleni. Rangi za pekee za shule binafsi, vitambaa vya marinda na kila kitu ambacho sina uhakika nacho nakinunua karibu na kwa kiasi kidogo. Wafanyabiashara wengi hufanya kinyume, wakijaza kontena kwa vitu vya kubahatisha kwa sababu ndivyo vyenye faida kubwa kwa kipande.

Kwa sisi wa Morogoro mwanya huo wa kununua karibu umepanuka tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na mji wetu mwezi Juni 2024. Naondoka asubuhi, nachagua kitambaa kwa macho yangu na kukigusa kwa vidole vyangu, mzigo unatumwa kwa basi, na jioni nimerudi karakanani. Zamani safari hiyo ilikula siku nzima na pengine kunilaza Dar, kwa hiyo nilikwenda mara moja kwa mwezi na kununua kwa wasiwasi wa mtu asiyejua atarudi lini. Sasa katika msimu naweza kwenda kila wiki. Kitambaa chenyewe hakikushuka bei. Kilichopungua ni wingi ninaolazimika kununua kwa safari moja.

Kwamba siku nyingi za ugavi ni siku za kungoja tumekwisha kuliona hata katika ngazi ya nchi zetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, ambapo ushuru hushughulikiwa mzigo ukiwa bado bandarini badala ya kurudiwa kila mpakani, muda wa mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala ulielezwa kupungua kutoka siku 18 hadi kama 4. Barabara haikufupishwa hata kilomita moja, na malori hayakuanza kuruka. Ni foleni, mihuri na ukaguzi wa kurudiarudia vilivyoondolewa. Ndiyo maana nashauri mamlaka zinazohusika na bandari na forodha zitangaze hadharani, kwa kila mwezi, wastani wa siku ambazo kontena la mfanyabiashara mdogo linakaa tangu meli ifunge gati hadi lori litoke getini, pamoja na tofauti kati ya lililotoka mapema kabisa na lililochelewa kabisa. Tofauti hiyo ni muhimu kama wastani wenyewe. Nikijua kwa hakika kwamba ni siku 10 nitapanga kwa siku 10. Nikiambiwa ni kati ya siku 4 na siku 25 nitalazimika kupanga kwa 25, na akiba yangu itakuwa ya mtu wa siku 25 hata pale mzigo utakapotoka kwa siku 4.

Kuhusu pamba nitasema kidogo tu, ingawa inaniuma. Wakulima wa Simiyu, Shinyanga na mikoa jirani wanavuna pamba ambayo sehemu yake kubwa inasafirishwa nje baada ya kuchambuliwa, na baadhi ya vitambaa tunavyoshonea watoto wa wakulima haohao vinavuka bahari kurudi. Kiwanda cha ndani kikiwa na kitambaa cha sare kilichofumwa bila kutiwa rangi, na kikakubali oda za mita mia chache kwa ahadi ya wiki 2, mimi na mafundi wengi tungelipa bei iliyozidi ya kontena bila kunung'unika. Viwanda vyetu vinapojilinganisha na vya nje hushindana kwa bei ya mita, uwanja ambao ni mgumu kwao kushinda. Uwanja wa siku wangeushinda, kwa kuwa hakuna meli iendayo kasi ya lori la kutoka mkoa hadi mkoa.

Naomba sasa nizungumze na walimu wakuu na kamati za shule, kwa sababu msaada wao hauhitaji bajeti. Habari nayo ni mzigo, nayo hukaa ikingoja. Tangu Oktoba mwalimu anaandikisha watoto wa darasa la kwanza, na idadi yao, wavulana kwa wasichana, inakua wiki hadi wiki ndani ya daftari lake, wakati fundi aliye mita 300 kutoka getini anakisia gizani. Idadi hiyo ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa, bila jina la mtoto yeyote, fundi, muuza viatu na muuza madaftari watajua wanachohitaji kukijua wiki 10 kabla ya shule kufunguliwa. Pia shule zinazokusudia kubadilisha rangi ya sweta au muundo wa sketi zitangaze kabla ya mwisho wa Agosti au ziache hadi mwaka unaofuata. Niliwahi kupata taarifa ya mabadiliko ya rangi ya sweta wiki ya pili ya Desemba kupitia fomu ya kujiunga iliyoletwa na mzazi, nikiwa na sweta 120 za rangi ya zamani, na wazazi wa shule hiyo walizunguka mji mzima Januari nzima wakitafuta rangi ambayo hakuna aliyekuwa ameambiwa aitengeneze.

Mwaka huu sikusubiri ubao. Tangu uandikishaji uanze nimekuwa nikipita kila Ijumaa mchana katika shule 3 za msingi zilizo karibu na karakana yangu, nikiwaomba walimu wakuu idadi ya walioandikishwa wiki hiyo na, kwa kadiri mwalimu anavyoweza kukadiria kwa macho, wangapi ni wadogo wa umbo. Wawili wananipa, na kwa namba zao nimekata kaptula na sketi za wiki hii pekee, mabunda ya 20, majora yaliyosalia yakiwa bado yamefungwa. Mwalimu wa tatu ameniomba nirudi Ijumaa ijayo akishapata ruhusa, nami nitarudi.

Wako katika kazi,

Fundi na mwenye karakana ya sare za shule,
Morogoro